Jina "Lavigerie": lilitokea wapi, na bado kuna wanaoitwa hivyo Ufaransa?

#1 BintiUjiji
Wakuu, habari za humu.

Kila anayesoma historia ya Karema, Ujiji, Tabora, Mpala au Rubaga hukutana na Kadinali Charles Lavigerie, aliyeanzisha Mapadri Weupe kule Algiers mwaka 1868 na kutuma msafara wao wa kwanza uliopita Zanzibar na Bagamoyo mwaka 1878. Mtu mwenyewe ameandikwa sana, jina lake halijaandikwa. Na likiguswa, tunaambiwa harakaharaka kwamba maana yake ni shamba la mizabibu, kwa sababu mzabibu kwa Kifaransa ni vigne.

Nasema hivi: mzabibu haumo kwenye jina hili. Mwenye kunipinga aje na hoja. Na la pili: kina Martin na Bernard wamejaa Ufaransa nzima, lakini kumpata Lavigerie ni kazi. Je, jina limekwisha, au tunalitafuta vibaya?

#2 Kitongoji
Naunga mkono. Chukua majina ya Kifaransa yaliyotokana kweli na mzabibu: Lavigne, Desvignes, Vigneron, Vignal, Vignolles. Yote yana gn, yaani sauti yetu ya ny. Chanzo ni Kilatini vinea, na hiyo n haikupotea katika jina hata moja kati ya hayo. Lavigerie haina n.

Neno linalobeba herufi zote bila kulazimishwa ni vicaria: eneo la vicarius, mtu anayetawala kwa niaba ya mwingine. Ongeza kibainishi cha Kifaransa "la" mbele yake, unapata La Vigerie. Iandike bila nafasi, unapata Lavigerie.

#3 Nasaba_TZ
Nijazie hapo kwa Kitongoji. Vicaria ilikuwa ngazi ya utawala tangu enzi za wafalme wa ukoo wa Karoli Mkuu. Comte alikuwa na jimbo, jimbo likagawanywa vipande, kila kipande na vicarius wake. Alisikiliza kesi ndogo, alikusanya tozo, aliwaita watu vitani. Kesi nzito kama mauaji zilipelekwa kwa comte.

Katika karne ya 10 na ya 11 nguvu za comte zilipolegea, cheo kikawa mali ya urithi. Ndipo vigerie ikaacha kuwa eneo tu na kuwa haki ya kutoza na kuhukumu, haki inayouzwa, inayorithiwa, hata inayogawanywa nusu kwa nusu kati ya ndugu. Kwa hiyo ukikuta shamba au kitongoji kinaitwa La Vigerie, usidhani lazima palikuwa makao ya hakimu. Pengine palikuwa mahali pa kulipia tozo, au ardhi aliyopewa mwenye cheo kama ujira wake.

Kwetu mambo hayo yapo: Jumbe, Akida na Liwali vilikuwa vyeo, leo ni majina ya watu ambao babu zao wa karibu hawakuwahi kushika cheo chochote.

#4 MlinziWaNyaraka
Kabla hamjafika mbali: jina la familia yake si Lavigerie. Ni Allemand-Lavigerie. Yeye ni Charles Martial Allemand-Lavigerie, aliyezaliwa tarehe 31 Oktoba 1825 Saint-Esprit, jirani na Bayonne. Sehemu ya kwanza ilidondoka kwenye matumizi ya kila siku, hasa baada ya kuwa askofu.

Hili ndilo linalowapoteza watafutaji. Wanafungua faharasa kwenye L wakati familia imepangwa kwenye A.

#5 Mja_wa_Likoni
Hamjambo nyote. Mimi simwachii BintiUjiji kirahisi. Makarani wa zamani walifupisha n na m kwa kuchora mstari mdogo juu ya irabu. Neno kama "vingerie" lingeandikwa vigerie na mstari juu ya i. Mwandishi wa baadaye asiyeuona mstari angenakili "vigerie". Basi n ilikuwepo, ikafia kwenye karatasi.

#6 Kitongoji
#5 mstari huo ulikuwepo kweli, na umeharibu majina mengi. Lakini hoja yako inahitaji mambo mawili zaidi. La kwanza, jina la mahali hutamkwa kila siku na wakazi wake. Karani mmoja akikosea, makarani wengine ishirini watalisikia upya midomoni mwa watu. La pili, mzabibu wa Kifaransa haukuhitaji -gerie. Mahali pa mizabibu pangeitwa La Vigne, Le Vignoble, Les Vignes au La Vignerie, na hilo la mwisho lina gn ileile.

#7 Nasaba_TZ
Kinachonivutia mimi ni ile g. Vicarius alizaa maneno tofauti kulingana na mahali, na ramani yake iko wazi:

Languedoc na Provence: viguier, viguerie. G ngumu kama ya "gari".
Limousin, Auvergne na kaskazini mwa Périgord: vigier, vigerie. G laini, karibu na j.
Kaskazini, kwenye lahaja za Paris na Touraine: voyer. Ndiyo asili ya majina Voyer na Levoyer.

Sababu ni moja. Katika Kioksitani, lugha ya asili ya kusini mwa Ufaransa, upande wake wa kaskazini, k na g za Kilatini mbele ya a zililainika: cantare ikawa chantar huko, ilhali kusini ni cantar. Kwa vicaria, c katikati ya irabu ikawa g kwanza, kisha kaskazini ikalainika, kusini ikabaki ngumu. Kwa hiyo jina Lavigerie halikuzaliwa Toulouse wala Marseille, kwani huko lingekuwa Laviguerie. Wala halikuzaliwa Tours. Limezaliwa kwenye ukanda wa katikati.

#8 BintiUjiji
Asante #7. Na wasifu wa kadinali huihusisha familia yake na upande wa Angoulême. Je, Angoulême iko ndani ya ukanda huo? Nijuavyo Charente wanasema lahaja ya kaskazini.

#9 Nasaba_TZ
Mpaka wa lugha unapita katikati ya Charente yenyewe. Magharibi, pamoja na Angoulême, ni lahaja za Kifaransa cha kaskazini, karibu na Saintonge. Mashariki, upande wa Confolens na Montbron, ni Kioksitani cha Limousin. Kutoka Angoulême mjini mpaka Montbron ni mwendo wa kilomita zisizofika 30. Familia inaweza kuwa ya mjini na jina la ardhi yake likatoka ng'ambo ya pili ya mpaka.

#10 Salatani
Wakuu, mmeruka jambo. Magharibi ya Ufaransa, kuanzia Vendée na Poitou kushuka Charente, kuna desturi ya kuita shamba kwa jina la mwenyewe pamoja na kiambishi -ière au -erie. Shamba la Renaud ni La Renaudière. Shamba la Bernard ni La Bernarderie. Sasa Vigier ni jina la ukoo maarufu katika maeneo hayohayo. Shamba la akina Vigier litaitwaje? La Vigerie.

Hapo hakuna mahakama, hakuna tozo, hakuna Karoli Mkuu. Kuna mkulima aitwaye Vigier ambaye babu yake wa mbali ndiye aliyekuwa na cheo.

#11 Kitongoji
Hoja nzito hiyo. Na herufi hazitusaidii kuzitenganisha, kwa sababu njia zote mbili zinatoa neno lilelile. Kinachotenganisha ni tarehe na hati. Mahali pakitajwa katika hati za Kilatini za karne ya 10 hadi ya 12 kwa umbo la vicaria au vigeria, cheo kinashinda. Pakianza kuonekana karne ya 15 au ya 16, na kwenye parokia hiyohiyo kuna akina Vigier wanaolipia ardhi, basi shamba linashinda.

Pia kila La Vigerie ina historia yake. Vitongoji vyenye jina hilo ni kadhaa, na si lazima vyote vipate jibu moja.

#12 Salatani
Hasa. Ndiyo maana kamusi ya majina ikikupa mstari mmoja, "Lavigerie: kutoka viguerie", imekueleza neno. Haijakueleza familia.

#13 Mja_wa_Likoni
Na mizabibu ya Cognac iko Charente hiyohiyo. Nawakumbusha tu.

#14 BintiUjiji
#13 ndugu yangu, mzabibu huo umeukumbatia kweli. Mizabibu kuwepo shambani si sawa na kuwepo kwenye jina.

#15 Msomaji_wa_Moba
Jambo ndugu zangu. Mbona mnasahau Cantal? Kuna kijiji kinaitwa Lavigerie hasa, neno moja, kwenye milima ya Auvergne karibu na Dienne. Cantal iko ndani ya ukanda wa g laini aliouchora #7. Mtu aliyehama kutoka hapo kwenda tambarare angeitwa kwa jina la kijiji chake, kama lilivyo jina la Askofu Livinhac wa Mapadri Weupe.

#16 Nasaba_TZ
Cantal haina kasoro kwa upande wa sauti. Tatizo ni namna jina lilivyobebwa. Mhamiaji akiitwa kwa kijiji alichotoka, jina hilo huwa ndilo jina lake pekee. Hapa tuna Allemand kwanza, kisha Lavigerie. Mpangilio huo ni wa mtu mwenye jina tayari ambaye amepata ardhi. Familia za mawakili, maofisa na wafanyabiashara wa karne ya 17 na ya 18 walifanya hivyo sana: ndugu watatu wa jina moja, mmoja anaongeza jina la shamba hili, mwingine la shamba lile, ili barua na madeni visichanganyike.

#17 MlinziWaNyaraka
Kwenye hati utaona "Allemand, sieur de La Vigerie" (bwana wa La Vigerie) au "Allemand de Lavigerie". Hiyo "de" haimaanishi ukabaila. Ni "wa" ya umiliki tu.

Mapinduzi ya Ufaransa yalipokuja, Juni 1790 vyeo vya urithi vilifutwa. Kisha sheria ya tarehe 6 fructidor mwaka wa II, yaani 23 Agosti 1794, ikakataza mtu kutumia jina lisilo kwenye cheti chake cha kuzaliwa. Lakini ibara ya 2 iliacha mlango: jina la ziada liliruhusiwa kama lilikwisha kutumika kutofautisha watu wa familia moja, mradi tu lisikumbushe ukabaila. Allemand-Lavigerie ni mfano unaoingia sawasawa kwenye mlango huo. "De" inaondoka, jina la shamba linabaki.

#18 Salatani
Ila #17, kama vigerie ni haki ya kimwinyi ya kutoza watu, si ingehesabika kuwa "inakumbusha ukabaila"? Karani makini wa 1794 angeifuta. Kubaki kwake kunanipa nguvu mimi: wakati huo walilijua kama jina la shamba, kwisha.

#19 Kitongoji
Au karani hakujua vigerie ni nini. Kufikia 1794 cheo chenyewe kilikuwa kimesahaulika huko kwa karne kadhaa. Kilidumu zaidi kusini, na Andorra waliendelea kuwa na veguer, yaani cheo hichohicho, mpaka katiba yao ya 1993.

#20 BintiUjiji
Na Allemand? Maana yake Mjerumani. Walitoka Ujerumani?

#21 Nasaba_TZ
Si lazima. Jina Allemand lina njia angalau tatu:

Mtu aliyetoka kweli nchi za Wajerumani, au Alsace, au Uswisi.
Lakabu: aliyekwenda huko kwa biashara au vita akarudi, au aliyezungumza bila kueleweka.
Jina la ubatizo. Zama za kati watu walibatizwa Alaman, hasa kusini mashariki. Dauphiné ilikuwa na ukoo mkubwa wa Alleman uliotokana na jina la mtu.

Bila kibainishi mbele (Allemand, si Lallemand) njia ya tatu inapata uzito. Lakini kusini kibainishi huachwa mara nyingi hata kwenye lakabu, kwa hiyo hiyo si hukumu.

#22 Fizi_Baraka
Saint-Esprit ilikuwa na Wayahudi wengi. Haiwezekani Allemand ni Myahudi wa Ujerumani aliyesajiliwa jina kwa amri ya Napoleon ya 1808?

#23 MlinziWaNyaraka
Hapana, kwa sababu mbili. Wayahudi wa Saint-Esprit walikuwa wa asili ya Ureno na Hispania, si wa Ujerumani. Na amri ya tarehe 20 Julai 1808 ilihusu wasiokuwa na jina la ukoo la kudumu. Hao wa Saint-Esprit walikuwa nayo muda mrefu. Familia ya kadinali ilikuwa ya Kikatoliki, baba yake ofisa wa forodha. Maofisa wa forodha walihamishwahamishwa, ndiyo maana mtoto amezaliwa upande wa Bayonne wakati nasaba inaelekeza Charente.

Na hapo hapo pana mtego. Mwaka 1825 Saint-Esprit haikuwa sehemu ya Bayonne. Ilikuwa manispaa ya peke yake, ndani ya mkoa wa Landes. Iliunganishwa na Bayonne mwaka 1857 na kuhamia mkoa wa Basses-Pyrénées, ambao tangu 1969 unaitwa Pyrénées-Atlantiques. Ukifungua daftari la Bayonne la 1825 hutamkuta. Tafuta daftari la Saint-Esprit lenyewe, na ujue kwamba kila daftari liliandikwa nakala mbili: moja ilibaki manispaa, nyingine ikaenda mahakamani. Mkoa ukibadilika, nakala mbili zinaweza kulala kwenye hifadhi mbili tofauti.

#24 Fizi_Baraka
Shukrani. Sasa turudi kwenye swali la pili la uzi: leo wako wangapi?

#25 Takwimu_Huru
Hapa kuna namna ya kuhesabu, na kuna namna ya kujidanganya.

INSEE, ofisi ya takwimu ya Ufaransa, imetoa faili la majina ya ukoo linaloonyesha idadi ya waliozaliwa kwa kila jina, kwa kila muongo, tangu 1891 hadi 2000, na lingine kwa mikoa. Ni bure. Tovuti nyingi za "ramani ya jina lako" zinachota humo. Mambo manne ya kuzingatia:

Linahesabu waliozaliwa, haliwahesabu walio hai. Ukijumlisha safu zote hupati idadi ya leo.

Linahesabu waliozaliwa Ufaransa tu. Familia iliyohamia Kanada haionekani.

Majina machache mno hayaonyeshwi. Chini ya waliozaliwa 30 kwa kipindi chote, jina linatupwa kwenye fungu la "majina mengine". Ukitafuta usilione, maana yake si kwamba limekufa. Maana yake liko chini ya kizingiti.

Jina la mseto linahesabiwa kivyake. Allemand-Lavigerie haliongezi hesabu ya Lavigerie wala ya Allemand. Ukoo ukigawanyika, tawi moja likaandika Lavigerie, jingine Allemand-Lavigerie, jingine La Vigerie kwa nafasi, kila tawi linaweza kubaki chini ya 30 na lote likatoweka kwenye ramani. Uhaba wa jina hili kwa sehemu kubwa ni uhaba wa tahajia moja.

#26 MlinziWaNyaraka
Ongeza la tano: safu za miaka ya mwanzo zina mapengo. Faili limetoka kwenye daftari la taifa la utambulisho, ambalo msingi wake uliwekwa 1941 na René Carmille (alifia Dachau 1945) na kukabidhiwa INSEE 1946. Liliingizwa kwenye kompyuta miaka ya 1970. Waliokufa kabla ya hapo mara nyingi hawamo. Kijana aliyezaliwa 1894 na kuuawa Verdun 1916 hayumo. Kwa hiyo ukiona jina "limeongezeka" kati ya 1900 na 1930, pengine halikuongezeka kamwe. Waliotangulia walikuwa wamekwisha kufa kabla ya kuhesabiwa.

#27 Takwimu_Huru
Kweli kabisa #26, na kwa jina adimu pengo la watu watano tu hubadilisha picha yote.

Kwa jina adimu mimi nashauri faili la waliofariki. INSEE inatoa orodha ya vifo tangu 1970, jina kwa jina, pamoja na tarehe na mahali pa kuzaliwa. Ilifunguliwa kwa umma Desemba 2019, na unaweza kuitafutia kwenye tovuti ya matchID. Haina kizingiti cha 30. Andika LAVIGERIE, kisha LA VIGERIE, kisha ALLEMAND LAVIGERIE, kisha VIGERIE peke yake. Panga matokeo kwa mahali pa kuzaliwa, si kwa mahali pa kufa: watu hufia mjini, jina huzaliwa kijijini. Weka nukta kwenye ramani, angalia zinakusanyika wapi kabla ya 1920.

Tovuti ya nasaba ya Geneanet inafuata, lakini ujue kinachohesabiwa pale ni miti ya nasaba. Mtu mmoja maarufu huonekana kwenye miti mia. Kadinali peke yake atakupa matokeo lukuki ambayo yote ni mtu yuleyule.

#28 Msomaji_wa_Moba
Na upande wetu tahadhari. Ukikuta Lavigerie kwenye orodha za Kongo, Burundi au Rwanda, kwanza tazama limekaa safu gani. Lavigerie huenda likawa jina la shule, la nyumba ya mapadri, au jina alilopewa mtoto kwa heshima ya kadinali. Mwaka 1972 Zaire ilipopiga marufuku majina ya ubatizo ya kigeni, majina yalihamishwa safu ovyo. Hayo hayana nasaba na Charente.

#29 Mja_wa_Likoni
Kwa nini lakini jina life? Familia ya ofisa wa forodha si masikini, wana watoto.

#30 Takwimu_Huru
Hesabu yake inajulikana tangu Bienaymé, Mfaransa, mwaka 1845, kisha Galton na Watson huko Uingereza 1873 na 1874. Chukua mwanamume mmoja mwenye jina. Tuseme kila mwanamume huacha, kwa wastani, mtoto mmoja wa kiume anayefikia utu uzima. Wengine hawaachi, wengine wanaacha wawili au watatu, kwa mgawanyo wa Poisson (kanuni ya kihesabu ya matukio ya bahati). Idadi ya wanaume kwa jumla haipungui. Hata hivyo:

Baada ya kizazi 1, nafasi ya jina kuwa limekwisha ni asilimia 37.
Baada ya vizazi 2, asilimia 53.
Baada ya vizazi 3, asilimia 63.
Baada ya vizazi 10, asilimia 84.

Hao ni wa mwanamume mmoja. Wakianza kumi, nafasi ya wote kumi kukosa mrithi ndani ya vizazi 10 inashuka hadi asilimia 18. Jina la cheo kama Vigier lilianza na watu wengi, sehemu nyingi, kwa hiyo lipo. Jina la mseto lililozaliwa kwenye tawi moja la familia moja linaanza na mmoja.

#31 Salatani
Na mwanzilishi wa Mapadri Weupe hakuongeza mtoto kwenye hesabu hiyo.

#32 Kitongoji
Lakini hesabu ya #30 inachukulia jina linapita kwa wanaume tu. Tangu tarehe 1 Januari 2005 Ufaransa mtoto anaweza kupewa jina la mama, la baba, au yote mawili. Tangu tarehe 1 Julai 2022 mtu mzima anaweza kubadili na kuchukua jina la mzazi mwingine kwa kujaza fomu manispaa, mara moja maishani, na kurudi kuthibitisha baada ya mwezi.

Na kwa majina yanayokufa kuna ibara ya 61 ya sheria ya raia: unaweza kuomba Wizara ya Sheria ikupe jina la babu au la ndugu wa pembeni hadi ngazi ya nne, kwa sababu ya kulizuia lisitoweke. Kinachowaangusha waombaji ni ushahidi. Lazima uonyeshe kwa vyeti kwamba babu huyo alilibeba kisheria, si kwa mazoea, na kwamba kweli linaelekea kutoweka. Tangazo pia huchapwa kwenye gazeti la serikali kabla ya kuwasilisha.

#33 MlinziWaNyaraka
Hapo tofauti ya mseto na jozi inakuwa muhimu. Jina la mseto la zamani, kama Allemand-Lavigerie, ni jina moja, linarithiwa zima. Jozi ya baada ya 2005 ni majina mawili, na mtoto anaweza kupewa moja tu. Mwanzoni serikali ilitaka jozi iandikwe kwa vistari viwili, Baraza la Serikali (mahakama kuu ya mambo ya utawala) likakataa Desemba 2009, sasa inaachwa nafasi. Kwa hiyo kistari kimoja kwenye cheti cha leo ni dalili ya mseto wa zamani. Ni dalili tu, kwa sababu makarani wa karne ya 19 waliweka na kuondoa kistari kama walivyopenda.

#34 BintiUjiji
Naomba tuulize pembeni kidogo: majina ya wamisionari wenzake kadinali nayo ni adimu? Livinhac, Lourdel, Hirth, Joubert?

#35 Nasaba_TZ
Livinhac ni rahisi. Askofu Léon Livinhac alizaliwa Buzeins, Aveyron, na Aveyron hiyohiyo ina Livinhac-le-Haut kwenye bonde la mto Lot. Ni shamba la Mrumi kwa kiambishi -acum, ambacho kusini kimekuwa -ac na kaskazini -y: Savignac na Savigny ni neno moja. Herufi nh ni tahajia ya Kioksitani kwa ny, ndiyo maana Wareno wanayo pia.

Hirth ni la Alsace, mchungaji wa mifugo. Lourdel, yule Waganda waliyemwita Mapera kutoka mon père, ni la kaskazini, Artois, na wengi hulitoa kwenye lourd, "mzito", kwa kiambishi cha udogo. Joubert, yule kapteni wa Mpala, si jina adimu hata kidogo. Ni jina la Kijerumani cha kale, Gautbert, na limejaa magharibi ya Ufaransa.

#36 Fizi_Baraka
Joubert wapo mpaka Afrika Kusini. Turudi kwenye uzi.

#37 Salatani
Turudi. Kwa anayetaka kumaliza ubishi wa cheo dhidi ya shamba, njia ninayoipendekeza ni hii. Anza na ndoa ya wazazi, maana cheti cha ndoa cha karne ya 19 hutaja mahali pa kuzaliwa pa bwana na bibi harusi pamoja na wazazi wao. Rudi kizazi kwa kizazi hadi 1792, ukitumia faharasa za kila miaka kumi. Kati ya 1793 na mwisho wa 1805 tarehe ni za kalenda ya Mapinduzi, zibadili kabla ya kutafuta. Kabla ya 1792 ni madaftari ya ubatizo ya parokia, hayana faharasa ya uhakika, unasoma ukurasa kwa ukurasa. U na v hubadilishana: "Lauigerie" ni Lavigerie.

Tawi likipitia Paris kabla ya 1860, jiandae: vyeti vya raia viliungua Mei 1871, na ni takriban theluthi moja tu ndiyo iliyoandikwa upya.

#38 MlinziWaNyaraka
Parokia itakupa watu, haitakupa shamba. Kwa shamba nenda kwenye hati za wathibitishaji wa mikataba (notaire) na hasa kwenye contrôle des actes, iliyoanza 1693: kila hati ya mthibitishaji ilisajiliwa kwa kodi, na kuna majedwali ya wauzaji, wanunuzi, wosia na mikataba ya ndoa. Kwenye hifadhi za mikoa imo mfululizo C. Tafuta hati ya kwanza ambapo Allemand anaandikwa "sieur de La Vigerie", na hati iliyotangulia ambapo bado ni Allemand mtupu. Katikati ya tarehe hizo mbili kuna ununuzi, mahari au urithi, na hati hiyo itataja parokia na aliyekuwa na ardhi kabla yao.

#39 Salatani
Na aliyeuza akiitwa Vigier, mjadala wangu umekwisha.

#40 Kitongoji
Haujaisha. Vigier anaweza kuwa ndiye mwenye haki ya vigerie aliyeiuza. Ukikuta hati inauza "ardhi na haki zake za tozo na hukumu ndogo", ni cheo. Ukikuta inauza nyumba, ghala, na ekari za ngano, ni shamba.

#41 Mja_wa_Likoni
Na ikitaja mizabibu?

#42 Msomaji_wa_Moba
#41 Charente kila hati inataja mizabibu, ndugu.

Mimi nasisitiza Cantal isifutwe. Kabla ya Charente, hao Allemand walikuwa wapi? Hakuna aliyeweka hapa hati ya karne ya 16.